Postfix kama daraja kati ya mifumo miwili ya barua pepe

Kwa miezi minane sasa nimekuwa nikiitumia Postfix, programu ya seva ya kupokea na kusafirisha barua pepe, katika ofisi yenye mifumo miwili ya barua pepe: seva ya zamani iliyopo ofisini, ambayo bado inahudumia idara za uhasibu na ununuzi, na huduma ya kulipia ya wingu inayotumiwa na wafanyakazi wengine wote. Barua zenyewe zilikuwa zikisafiri. Tatizo lilikuwa anwani zilizoandikwa juu yake. Seva ya zamani humpa kila mtumiaji anwani inayoishia na ofisi.local, kikoa kisichojulikana kwenye intaneti, hivyo wauzaji waliopokea maombi yetu ya bei hawakuweza kuyajibu, na seva nyingine zilizikataa barua zetu mlangoni kwa sababu hazikukiona kikoa cha mtumaji.

Postfix ni programu huria isiyo na ada, iliyoandikwa na Wietse Venema alipokuwa IBM na kutolewa kwa umma mwaka 1998. Nilichokipenda zaidi ni jinsi inavyotenganisha hatua za kubadilisha anwani. Jedwali la canonical_maps hubadilisha anwani barua inapoingia, kabla haijapangwa foleni, kwa hiyo badiliko hilo huonekana hata kwa barua za ndani. Jedwali la smtp_generic_maps husubiri hadi barua inapoondoka kwa SMTP, yaani itifaki ambayo seva hutumiana barua, ndipo linabadilisha anwani iliyo kwenye bahasha (anwani ambazo seva hupeana wakati wa kukabidhiana barua) pamoja na zile zilizo kwenye mistari ya From na To. La tatu, virtual_alias_maps, hugusa anwani ya mpokeaji kwenye bahasha peke yake na kuuacha mstari wa To kama ulivyoandikwa. Kwa mahitaji yetu nilitumia la pili kwa barua zinazotoka na la tatu kwa zinazoingia, na kila mstari ulikuwa mfupi: upande wa kushoto anwani ya ofisi.local, upande wa kulia anwani ya umma, au kinyume chake.

Hata hivyo, siku ya kwanza mambo yaliharibika, na kosa lilikuwa langu. Jibu la muuzaji lilipoingia, Postfix iligeuza anwani ya umma ya mhasibu kuwa ya ofisi.local, sawasawa kabisa, kisha ikaituma barua kwenye seva ya zamani. Lakini safari hiyo ya ndani nayo ni ya SMTP, kwa hiyo jedwali la barua zinazotoka, smtp_generic_maps, likairudisha anwani ile ile ya umma. Seva ya zamani haikuitambua, ikairejesha barua kwa Postfix, na barua ikazunguka baina ya mashine mbili hadi ilipogonga kikomo cha kawaida cha vituo 50, ikarudishwa kwa muuzaji. Suluhisho ni kuongeza katika faili la master.cf, linaloorodhesha huduma za Postfix, mtumaji wa pili wa SMTP ambaye smtp_generic_maps yake imeachwa tupu, kisha kuelekeza barua zote za ofisi.local kwake kupitia transport_maps, jedwali linaloamua barua ipitie njia gani. Mwongozo wa Postfix unaeleza kila kipande cha kazi hii mahali pake, lakini kuviunganisha ni juu yako, na hapo ndipo programu hii inapomchosha mgeni.

Kifaa kilichoniokoa ni amri ya postmap -q. Unaipa anwani moja na jina la jedwali, nayo inakujibu papo hapo anwani hiyo itageuzwa kuwa ipi, bila kutuma barua hata moja. Nakushauri upime hivyo kila anwani kabla ya kuiwasha upya huduma.

Kuna mambo mawili ambayo majedwali haya hayayatibu. Seva ya zamani iliandika jina la mtumaji kama Ununuzi, Idara bila alama za kunukuu. Kwa kanuni za barua pepe mkato hutenganisha anwani mbili, kwa hiyo wapokeaji waliona mtumaji wa ajabu aitwaye Ununuzi asiye na kikoa. Hilo lilibidi lirekebishwe kwenye seva yenyewe. La pili ni zito zaidi: barua iliyokwisha kutiwa saini ya DKIM, saini ya kidijitali inayothibitisha kikoa kilichoitia, hupoteza uhalali wa saini hiyo mara mstari wa From unapobadilishwa, kwa kuwa mstari huo ni lazima uwemo katika saini. Kwa hiyo saini itiwe baada ya anwani kubadilishwa, kwenye kituo cha mwisho kabla ya barua kuondoka.

Ofisi yenye seva moja haina haja ya daraja hili. Kwa anayelazimika kuishi na mifumo miwili, naipendekeza Postfix bila kusita, mradi awepo mtu wa kusoma kumbukumbu za seva kila asubuhi katika wiki mbili za mwanzo.