Nilitaka kifyonza vumbi kisicho na kelele, nikaambiwa ninunue ufagio

Nimekaa na hasira hii tangu kabla ya mvua kuanza, na leo naimwaga yote.

Mimi ni seremala. Karakana yangu ni ya mabati, iko Free Area hapa Nakuru, nyuma ya nyumba za kupanga, na kazi inayonilipia kodi ni makabati ya jikoni na vitanda vya watoto. Zamani nilifanya mbao tupu, saiprasi ya kutoka upande wa Elburgon na Molo. Serikali ilipopiga marufuku ukataji miti msituni mwaka 2018 bei ya mbao ikapaa, wateja wakazoea MDF, ubao wa kiwandani wa nyuzi za mbao zilizoshinikizwa kwa gundi, na hata marufuku ilipoondolewa 2023 wengi wao hawakurudi kwenye mbao. Kwa hivyo nakata MDF, napiga msasa MDF, napumua MDF.

Anayelijua vumbi hilo analijua. Maranda ya randa unayakusanya kwa gunia, unampa mfuga kuku, yamekwisha. Vumbi la MDF ni unga laini kama wa ngano. Linaelea. Linaingia kwenye kope, kwenye chai, kwenye vanishi ambayo haijakauka, na ukilifagia unaliamsha tu likalale mahali pengine. Watu husema hata jina la mji wetu limetoka kwa neno la Kimaasai lenye maana ya vumbi, lakini vumbi la barabarani ni afadhali. Mpwa wangu, ambaye namfundisha kazi, alianza kukohoa kikohozi kikavu kisichokuwa na mafua. Nikaanza kusoma. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliweka vumbi la mbao katika kundi la kwanza la vitu vinavyosababisha saratani tangu 1995, na gundi ya MDF nyingi ina formaldehidi, ambayo nayo imo katika kundi hilohilo. Barakoa tunavaa. Lakini barakoa unaivua ukienda kunywa chai, na vumbi bado liko hewani linakungoja. Mtoto wa dada yangu sikumchukua kwao ili nimrudishe na kifua kibovu.

Kwa nini basi nilitaka mashine yenye sauti ya chini? Ukuta wa nyuma wa karakana yangu unapakana na chumba cha nesi anayefanya zamu ya usiku. Analala kuanzia kama saa tatu asubuhi hadi saa nane mchana. Tuna mapatano, na tumeyashika muda mrefu: saa hizo napima, nagundisha, napaka vanishi, na msumeno na rauta vinangoja aamke. Mashine ndogo ya msasa peke yake ndiyo aliyoikubali, alisema mlio wake anauzoea kama feni. Basi hitaji langu lilikuwa wazi kabisa: vakyumu, yaani kifyonza vumbi, ya bei ninayoiweza, ambayo mlio wake hauzidi wa msasa. Hilo tu.

Nilienda duka moja la vifaa katikati ya mji. Silitaji. Kijana wa mauzo alinipokea vizuri, "Karibu madam," akanitolea vakyumu ya lita 20 yenye magurudumu, ya kufyonza vikavu na maji. "Hii ni kimya kabisa madam, hata mtoto analala." Nikamwomba aiwashe niisikie. Akasema haiwashwi, ikishawashwa inahesabika imetumika na hakuna atakayeinunua. Nikamuuliza inatoa kelele ya desibeli ngapi. Akaniwekea kidole kwenye boksi palipoandikwa wati 1,400. Nikamwambia wati ni stima inayokula, hazinielezi kelele wala zinavyofyonza. Akatabasamu, akaniuliza: "Kwani fundi wako hakukwambia anataka gani?"

Fundi wangu! Mimi nimesimama pale na gundi kwenye kucha na kovu la patasi kwenye kidole gumba, naulizwa fundi wangu yuko wapi. Ningeondoka wakati huohuo. Sikuondoka kwa sababu nilikuwa nimefunga kazi nusu siku na kikohozi cha mpwa wangu kilikuwa masikioni mwangu. Nililipa sh 9,500 kwa simu.

Jioni ile niliichomeka. Ilianza na mluzi mwembamba, ukapanda, ukapanda, ukafika juu ukakaa hukohuko. Mpwa wangu aliziba masikio kwa viganja. Najua mota za vakyumu hizi ni za brashi za kaboni, zinazunguka mara 20,000 na zaidi kwa dakika, kwa hivyo haziwezi kuwa kimya kama friji. Lakini kuna zilizotengenezwa hewa ikapitia njia ndefu yenye sponji kabla ya kutoka, na kuna ambazo hewa inatokea tundu tupu kama filimbi. Yangu ni filimbi. Nikapima kwa programu ya simu. Simu si chombo cha maabara, ila ukipima mashine mbili kwa simu moja ukiwa umesimama mahali pamoja, tofauti unaipata. Msasa ulisoma 81. Vakyumu ilisoma 93. Na desibeli hazihesabiki kama viazi: kila zikiongezeka 3, nguvu ya sauti inakuwa mara mbili, kwa hivyo hizo 12 ni mara kumi na sita. Kanuni zetu za kelele kazini za 2005 zinataka mfanyakazi asizidi desibeli 90 kwa saa 8. Mimi nilikuwa nimeuziwa, kwa jina la kimya, kitu cha kuvalia vizuia sauti.

Kesho yake nilijaribu kuitumia kwa dakika chache tu asubuhi, nikidhani ukuta utasaidia. Nesi akaja mlangoni amejifunga leso, macho mekundu, nywele zimelala upande mmoja. Hakugomba. Alisema tu, "Dada, leo kumetokea nini?" kwa sauti ya mtu ambaye bado yuko nusu usingizini. Laiti angenifokea.

Nikaifunga kwenye boksi lake, na risiti, nikapanda boda kurudi dukani. Ukutani kulikuwa na kile kibao mnachokijua, bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Nikamkuta kijana yuleyule. Nikamweleza kwa upole kwamba aliniambia ni kimya na si kimya, na kama hawawezi kunirudishia pesa wanibadilishie, nitaongeza. Jana nilikuwa madam. Leo alisema: "Wewe, mashine ni mashine. Ukitaka kimya nunua ufagio."

Wenzake wawili wakacheka. Mteja aliyekuwa ananunua viungio vya paipu, mtu mzima wa rika la baba yangu, naye akacheka. Meneja alikuwa nyuma ya kioo anahesabu noti, hakuinua kichwa.

Nimeshaambiwa mengi katika kazi hii. Nimeambiwa mwanamke hawezi kuunga kona, nimeambiwa nipunguze bei kwa kuwa sina watoto wa kusomesha. Hayo yamepita. Hili la ufagio halijapita, kwa sababu ufagio ndio uliokuwa ukimwingiza mpwa wangu vumbi kifuani, na nilikuwa nimemweleza hivyo siku ya kwanza, akatikisa kichwa kama anayesikiliza. Njiani kurudi, boksi mapajani, ndipo nilipokumbuka kifungu cha 46 cha Katiba: mlaji ana haki ya bidhaa za ubora unaofaa, na ana haki ya kupewa habari za kumwezesha kunufaika nazo. Kibao cha ukutani hakifuti hilo. Niliyakumbuka maneno yote nikiwa nimeshafika Free Area.

Kwa hivyo, usinunue. Hivyo ndivyo nilivyotaka kuandika na kumalizia hapo.

Lakini nitakuwa mwongo. Mashine yenyewe inafyonza. Nikiiunganisha kwenye msasa, ubao unabaki safi, naona mstari wa penseli, na msasa haujai unga, karatasi moja inafanya kazi ya tatu. Mpwa wangu alipitisha kiganja juu ya mlango wa kabati akanionyesha: kiganja kikavu, hakina kitu. Siku ile nilikaribia kuwasamehe wote.

Msamaha huo ulidumu mpaka jua lilipoteremka. Mabati yangu yana matundu ya misumari ya zamani, na kama saa kumi jioni miale inaingia imesimama kama vijiti. Niliwasha mashine, nikatazama mwale mmoja uliopita nyuma yake, pale hewa inapotokea. Ulikuwa umejaa. Vumbi laini kabisa, lile baya, linaingia kwenye paipu na kutoka nyuma likiwa limepuliziwa hadi darini. Chujio lililokuja nayo linashika maranda, unga linauachia. Na dakika tano baadaye likaziba, mluzi ukapanda zaidi, kufyonza kukafa. Nikalitoa nje kuligonga ukutani na wingu lote likanirudia usoni. Yaani nilinunua kelele na vumbi nikabaki nalo.

Usiku ule niliamua, kwa kuwa hawairudishi, nitaitengeneza mwenyewe. Kitu cha kwanza kilikuwa mfuko wa kitambaa unaovalishwa ndani ya pipa. Huo peke yake ulibadilisha mambo: unga unabaki ndani ya mfuko na chujio halizibi haraka. Baadaye nikapata chujio la daraja la HEPA, lile la kushika vumbi laini kabisa, linaloingia pale, na mwale wa jioni ukafifia, hauna kitu. Kisha ndoo. Unaweka ndoo yenye kifuniko kati ya msasa na vakyumu, hewa inaingilia ubavuni, inazunguka mle kama kimbunga, vumbi zito linaanguka chini na hewa inatokea juu katikati. Ndoo ya kwanza ilikuwa ile nyembamba ya lita 20. Paipu ilipoziba na kipande cha mbao, ndoo iliingia ndani kwa mshindo, pu! Ikakunjamana kama kopo lililokanyagwa. Tumieni ndoo nzito ya rangi. Na mtapigwa na umeme mdogo mdogo wa paipu ya plastiki, hasa siku za kiangazi. Hauui, ila unaudhi.

Kelele niliiacha mwisho kwa kuwa ndiyo iliyoniumiza. Nilijenga sanduku la plaiwudi, nikalibandika zulia kuukuu kwa ndani, na njia ya hewa nikaipitisha kona mbili kabla haijatoka, maana sauti haipendi kona. Hapa msifanye haraka. Mashine hizi nyingi zina matundu ya aina mbili: ya hewa iliyofyonzwa kutokea, na mengine madogo ya kupozea mota. Ukiyanyima yale madogo hewa ya baridi, mota inaungua. Mimi niliiacha ikazunguka dakika ishirini huku nagusa kichwa chake kila mara, kilikuwa na uvuguvugu wa kikombe cha chai kilichosahaulika, nikaridhika. Nikapima tena: 82. Msasa na vakyumu, karibu sawa.

Nilimngoja nesi aamke nikamuuliza kama amesikia chochote. Akaniuliza, "Kwani leo umefanya kazi?"

Sasa nasemaje? Mfuko, chujio, ndoo mbili, zulia, plaiwudi na siku mbili bila kazi vimenila zaidi ya sh 4,000. Pesa hiyo ningeiongeza pale dukani nikachukua mashine bora, kama mtu mmoja tu angenieleza ukweli. Hilo ndilo linalonikereketa. Kwa anayefanya kazi mahali ambapo hakuna aliyelala, na ana muda wa kuunda sanduku, ni mashine nzuri kwa bei yake. Kwa asiye fundi, hapana. Hapana kabisa. Lakini nao mafundi, mbona tulipie kazi ambayo kiwanda hakikuifanya? Nilikuwa nimeipa nafasi yake moyoni, na nikiandika haya naiondoa tena.

Ila mpwa wangu hakohoi. Jumapili iliyopita alikaa ibada nzima.

Juzi fundi mwenzangu wa Njoro alinipigia kuuliza anunue ipi. Nikamwambia njoo na msasa wako uisikie kabla hujatoa senti. Alikuja, akapiga ubao mzima, akafungua sanduku akaisikia bila sanduku, akalifunga tena, akafungua tena. Jua lilipofika kwenye matundu nikamwonyesha mwale. Alisimama pale muda mrefu. Kisha akatoa simu akapiga picha kibati chenye namba ya mashine, akaniuliza niliinunua duka gani.

Nilimpa vipimo vya sanduku, unene wa ndoo, na aina ya mfuko. Duka sikumtajia. Nilimwambia atafute lingine, na asilipe mpaka waichomeke.