Nimeuza Datsun 240Z kwa mnada wa mtandaoni: uzoefu wangu

Kwetu Afrika Mashariki 240Z ni gari la Safari Rally: ilishinda mwaka 1971 mikononi mwa Edgar Herrmann, ikashinda tena 1973 na Shekhar Mehta. Kwa hiyo nilipotaka kuuza yangu ya 1972 hapa Texas, ndugu zangu wa Nairobi walinipigia hesabu za mahaba. Lakini wanunuzi wa Marekani wanaulizia kutu.

Niliuza kupitia Bring a Trailer, tovuti ya minada ya magari. Tangazo la kawaida ni dola 99, na kamisheni ya asilimia 5 hulipwa na mnunuzi. Usishangilie sana: mnunuzi mwenye akili huitoa asilimia hiyo kwanza, ndipo ataje dau.

Kazi kubwa ni kupanga bei. Bei za magari ambayo bado hayajauzwa sizihesabu, maana kila mtu huandika anachotamani. Nilisoma minada iliyokwisha, kwani matokeo, picha na maswali ya watu hubaki wazi pale pale. Hagerty, kampuni ya bima ya magari ya kale, nao hupanga magari kwa madaraja: la 1 ni gari la maonyesho, la 4 ni gari lenye kasoro zinazoonekana. Yangu niliipa la 3: namba ya injini yake ya L24 inalingana na kibao cha kiwandani, lakini sakafu imeshawahi kuchomelewa. Nikaweka kima cha chini cha siri, yaani bei ambayo chini yake siuzi: dola 22,000.

Halafu picha. Nililala uvunguni nikapiga sakafu na chesisi, nikapiga chini ya betri, mahali 240Z hupenda kuoza, nikapitisha sumaku kwenye bodi ili palipojazwa puti paonekane. Nikarekodi pia injini ikiwashwa ikiwa baridi. Maswali yalimiminika (kuna jamaa aliulizia hadi skrubu za milango!), na yote niliyajibu siku hiyo hiyo, kwa sababu swali likikaa bila jibu watu huanza kunusa.

Mnada huenda siku 7, na katikati hupoa mpaka unakata tamaa. Dau likiingia ndani ya dakika 2 za mwisho, saa hurudi kwenye dakika 2, kwa hiyo hakuna wa kuvizia. Wawili waling'ang'aniana hadi dola 27,500. Mshindi akaongeza 1,375 za kamisheni na kulipia usafiri. Hati ya umiliki nilimkabidhi mshindi huyo baada ya benki kuthibitisha pesa.

Gari linalotembea ningeliuza huko tena. La kuvutwa kwa kamba ningemuuzia fundi wa jirani, taslimu.