Chakula cha mchana wikendi: panga migahawa kwa muda ambao sahani inasubiri

Malalamiko ya wasomaji kuhusu chakula cha mchana cha Jumamosi na Jumapili yanafanana kila wiki. Kuku wa kukaanga amelegea ngozi, wali umeshikana, mboga zimegeuka rangi ya kaki, na bili ni kubwa kuliko ya Jumatano. Mgahawa ni uleule na mara nyingi hata mpishi ni yuleyule. Kinachobadilika ni namna watu wanavyokuja. Siku za kazi wateja huingia kwa wimbi moja, kati ya saa sita na nusu na saa nane, kila mmoja na sahani yake. Wikendi familia huja watu wanane au kumi, hawa saa sita, wale saa tisa, na meza nzima hutaka kula kwa pamoja. Jiko hujiokoa kwa kupika mapema na kuhifadhi chakula kwenye joto. Hata pale kinapopikwa papo hapo, sahani ya kwanza ya meza kubwa hukaa chini ya taa ya joto ikiingoja ya mwisho.

Kwa hiyo mandhari, maegesho na nyota za mtandaoni sitazigusa. Katika jiji kubwa lenye mapishi ya kila taifa, kinachotenganisha mlo mzuri na mbovu wikendi ni dakika zinazopita kati ya moto na meza, na jinsi kila chakula kinavyozivumilia. Kilichokaangwa hakivumilii: mvuke wa ndani huhamia kwenye gamba, na kikifunikwa hukosa pa kutokea, gamba likalowa. Mboga za kijani zikikaa kwenye joto hupoteza madini ya magnesi yaliyomo kwenye klorofili, ile rangi yake ya kijani, ndiyo maana hufifia. Samaki hukauka. Nyama ya mchuzi yenye mishipa, kinyume chake, huzidi kulainika, kwa sababu kolajeni, ile protini ngumu ya mishipa, hugeuka polepole kuwa jelatini laini.

Nafasi ya kwanza naipa migahawa inayopika kwa mvuke baada ya kuagizwa, na hapo siogopi kutaja mgahawa ninaoupendelea: Din Tai Fung. Ulianza Taipei, Taiwan, mwaka 1958 kama duka la mafuta ya kupikia, na leo una matawi katika miji kama Singapore, Hong Kong, London na Dubai. Chakula chake kikuu ni xiaolongbao, vifuko vya unga mwembamba vyenye nyama na mchuzi ndani, kila kimoja kikiwa na mikunjo 18. Mchuzi huo huchanganywa na nyama ukiwa umeganda, kisha mvuke huuyeyusha. Chakula cha namna hii hakiwezi kudanganya. Kikikaa, ngozi hukauka na kushika chini ya kikapu, ukiinua inapasuka na mchuzi unamwagika. Jiko linalazimika kukileta papo hapo.

Kosa linalofanyika hapo hufanywa na mteja: anaagiza vikapu sita kwa mkupuo, vinajaa mezani, viwili vinaliwa vya moto na vinne vya uvuguvugu. Agiza viwili viwili. Mwambie mhudumu tangu mwanzo kwamba awamu ya pili utaitaja mwenyewe. Shika kifuko juu kwenye mikunjo, kiweke kwenye kijiko, toboa ubavuni, mchuzi upoe kidogo ndipo ule. Foleni ya wikendi ni ndefu kweli, na naivumilia.

Migahawa mingine ya dim sum, yaani vitafunio vya Kichina vinavyoletwa kwenye vikapu vidogo, inafuata hapohapo, mradi unaagiza kwa kujaza karatasi. Kwenye ile ya vigari vinavyozungushwa kati ya meza, vikapu huendelea kuiva vikiwa njiani. Ngozi angavu ya har gow, vifuko vyenye kamba ndani, hutengenezwa kwa wanga wa ngano usio na gluteni. Ikipitiliza kwenye mvuke inakuwa uji, ikipoa inakakamaa na kupasuka. Ukilazimika kwenda kwenye vigari, omba meza iliyo karibu na mlango wa jiko. Iliyo karibu na dirisha ndiyo vigari huifikia mwisho.

Ya pili ni migahawa ambayo moto uko mezani kwako: nyama choma ya Kikorea, au chungu cha mchuzi unaochemka cha Kichina. Muda wa kusubiri haupo kabisa. Angalia mambo mawili tu. Kwanza, koleo ziwe mbili, moja ya nyama mbichi na nyingine ya iliyoiva. Wikendi wahudumu wakizidiwa huleta moja. Pili, uliza ukomo wa muda wa meza kabla ya kuketi. Dakika 90 hutosha watu wanne. Kwa watu wanane kwenye jiko moja hazitoshi, kwa hiyo dai meza yenye majiko mawili.

Tanuri linakuja la tatu. Pizza ya Napoli huiva kwa sekunde 60 hadi 90 kwenye joto la zaidi ya nyuzi 430 za Selsiasi, na naan hubanduliwa kwenye ukuta wa tanduri baada ya dakika chache. Tatizo la wikendi ni kwamba tanuri likipakiwa pizza mfululizo, sakafu yake hupoa kuliko dari. Unaletewa pizza iliyoungua pembeni na kitako cheupe, kibichi. Igeuze kabla ya kuikata. Kama chini hakuna madoa ya kahawia, irudishe bila haya. Kuku wa tanduri muulizie: sehemu nyingi humwivisha nusu asubuhi na kummalizia mchana, naye ndiye yule anayefika akiwa mkavu kifuani.

Mgahawa wa Kiethiopia nauweka wa nne, ingawa kwa Jumapili yenye wazee na watoto ningeupandisha. Doro wat, yaani mchuzi wa kuku, na michuzi ya dengu haiharibiki kwa kusubiri, na watu mkila sinia moja hakuna sahani inayoingoja nyingine. Cha kukagua ni injera, ule mkate laini bapa unaotandikwa chini ya michuzi. Unga wa teff, nafaka ndogo ya Ethiopia, uliochachushwa siku mbili au tatu hutoa vitundu vingi sawasawa juu na uchachu ulio wazi. Iliyorundikwa moto kwenye plastiki hulowa na kunata ukiikunjua. Kumbuka pia kwamba katika Kwaresima ya Waorthodoksi, siku 55, waumini hawali nyama wala maziwa hata wikendi, na baadhi ya majiko hupunguza sana vyakula vya nyama. Sinia la mfungo wakati huo ndilo linalopikwa kwa wingi, kwa hiyo ndilo lililotoka jikoni karibuni zaidi.

Biriani na mandi, ule wali wa nyama wa Kiyemeni, zinategemea saa. Sufuria ikifungwa kwa unga na kufunguliwa, saa yake imeanza kuhesabika. Piga simu asubuhi na uulize: sufuria ya kwanza inafunguliwa saa ngapi, na kuna ya pili? Kama ni moja tu na imefunguliwa saa sita, usiende saa tisa, utapewa masalio ya chini. Hapa kuna suala la afya pia. Mbegu za bakteria Bacillus cereus hunusurika wali unapopikwa, kisha huamka wali ukiachwa uvuguvugu. Shirika la Afya Duniani linashauri chakula kilichopikwa kikae juu ya nyuzi 60 hadi kipakuliwe, na kisiachwe kwenye joto la kawaida zaidi ya saa mbili. Wali wa mgahawa uwe unatoa mvuke. Kama hautoi, usiule.

Sahani za bei nafuu kwenye kumbi za vyakula za maduka makubwa: nenda penye foleni na kikaango kinachoonekana, agiza kinachopikwa mbele yako. Basi.

Bafe ya wikendi naiweka mwisho, na najua ndiyo inayotangazwa kuliko zote. Ni muda wa kusubiri uliogeuzwa kuwa biashara, na unautozwa zaidi Jumapili kwa trei zilezile za Alhamisi. Kama mwenyeji ameshalipia na huna pa kukwepa, angalia kina cha trei. Trei za kawaida za chuma zina kina cha milimita 65, 100 au 150. Jiko linalojali huweka za 65 na kuzibadilisha mara kwa mara, kwa sababu chakula kidogo hupata joto sawasawa na huisha haraka. Ukiona za 150 zimejaa kambare wa kukaanga chini ya mifuniko inayodondosha maji, nenda kwenye kona ya mpishi anayekata nyama au kukaanga mayai, na ubaki hapo.

Mlo wa mayai wa saa tano, ule unaounganisha asubuhi na mchana, una ugonjwa huohuo kwa bei kubwa zaidi. Sosi ya hollandaise, ya siagi na viini vya mayai, hutengana ikipashwa sana, kwa hiyo majiko huiweka vuguvugu, na uvuguvugu ndio bakteria wanaoupenda. Uliza imetengenezwa saa ngapi. Mhudumu akisema atauliza jikoni asirudi, agiza mayai ya kukaanga.

Linaloniudhi kuliko yote ni ada ya huduma inayoongezwa yenyewe kwa meza ya watu sita na zaidi, siku ileile ambayo meza hiyo inahudumiwa vibaya kuliko zote. Imeandikwa kwa herufi ndogo chini ya menyu, au haijaandikwa. Itaje wakati wa kuweka nafasi, pamoja na ombi hili: sahani ziletwe kadiri zinavyoiva, zisingojane. Mgahawa unaokubali la pili bila kubishana mara nyingi una jiko linalopika kweli.