Barua ya Pickering iliyofungiwa kwenye fremu: nilidai picha ya mgongo, nikajibiwa ovyo

Nyota moja. Nilitaka kutoa nne, na sababu nitaieleza, lakini nikikumbuka lile jibu naona hata hiyo moja ni nyingi.

Bidhaa ni barua ya kikazi ya Timothy Pickering, waziri wa mambo ya nje wa Marekani chini ya marais Washington na kisha Adams, 1795 hadi 1800. Ilikuja ikiwa imefungwa kwenye fremu pamoja na cheti cha uhalisi. Chini ya cheti kuna mstari mmoja mdogo: fremu ikifunguliwa, dhamana imekufa. Kabla ya kulipa niliomba picha ya mgongo wa barua. Muuzaji akajibu: "Mteja, mgongo hautundikwi ukutani."

Jibu hilo haliwezi kutoka kwa mtu anayezijua karatasi hizi. Zama zile barua nyingi hazikutiwa kwenye bahasha. Karatasi moja ilikunjwa katikati ikatoa kurasa nne: maneno yakaanzia ukurasa wa kwanza, anwani ikaandikwa wa nne, kisha ikakunjwa tena na kufungwa kwa lakiri. Kwa hiyo ushahidi karibu wote uko nyuma. Huko ndiko unakuta anwani, doa la lakiri na tundu lililochanika barua ilipofunguliwa. Mpokeaji naye aliandika huko jina la mtumaji na tarehe ili aipate kwenye mafungu yake. Wino wenyewe, wa chuma na vivimbe vya mwaloni, una asidi, hivyo baada ya miaka 200 maneno mazito hutokeza upande wa pili kama kivuli cha kahawia. Nakala ya kuchapwa haina kivuli hicho. Anayekuficha mgongo amekuficha barua.

Uso niliupima barua ikiwa bado nyuma ya kioo cha fremu. Kwa lenzi ya mara 10, wino umezama kwenye nyuzi. Maneno ni meusi pale unyoya wa kuandikia ulipotoka kuchovywa, yanapauka maneno kadhaa mbele, kisha yanakolea tena. Nakala ya kuchapwa huwa na rangi moja kuanzia mwanzo hadi mwisho. Tochi ikimulika kutoka ubavuni, mistari iliyoachwa na waya za kiunzi cha kutengenezea karatasi inaonekana, ile minene ikiachana kama sentimita 2.5. Mwandiko nililinganisha na barua za Pickering zilizomo kwenye karatasi za Washington, ambazo Maktaba ya Bunge la Marekani imeziweka mtandaoni bure. Saini ni yake. Maneno ya juu ni ya karani, ilhali tangazo lilisema "mkono wake". Kwa bei hizi tofauti hiyo si ndogo, ingawa kwa viongozi wa wakati ule ni kawaida: barua nyingi za Washington za wakati wa vita vya uhuru wa Marekani ziliandikwa na wasaidizi kama Tench Tilghman na Alexander Hamilton, yeye akatia saini tu. Kwa uhalisi, basi, ningetoa nyota nne.

Kisha nikafungua fremu. Unailaza kifudifudi juu ya karatasi safi ya kunyonya wino, unakata karatasi ya vumbi kwa wembe, unainua misumari kwa koleo pole pole, na usivute chochote kinachokataa. Barua ilikataa. Imegandishwa yote, pembe hadi pembe, juu ya kadibodi ya kijivu ya bei rahisi, kwa gundi ya kuyeyushwa na joto. Nusu ya pili ya karatasi, yenye anwani, imekatwa kwa mkasi ili barua iingie vizuri kwenye dirisha la kadi inayoizunguka ndani ya fremu.

Ingekuwa bandia nisingeumia hivi. Hii ni halisi, na imeharibiwa ili ipendeze ukutani. Vibawaba viwili vya karatasi laini na gundi ya wanga wa ngano kwenye ukingo wa juu vingeishika, au vipembe vinne vya poliesta bila gundi yoyote. Kadibodi ile inamwaga asidi yake juu ya asidi ya wino. Na ole wake atakayejaribu kuibandua kwa maji au mvuke: maji huyeyusha chuma cha wino kisichotulia na kukisambaza pembeni mwa kila neno, na huko nako karatasi huanza kuliwa. Kazi hiyo ni ya mhifadhi wa karatasi, mwenye kijikaratasi cha kupimia, kinachogeuka waridi kikikutana na chuma hicho.

Ukinunua popote, dai picha tatu kabla ya kulipa: mgongo, barua ikiwa mbele ya mwanga, na pembe moja kwa karibu. Asiyetoa, achana naye.

Muuzaji sasa yuko tayari kurudisha pesa zote, na kwa hilo amekuwa mwungwana kuliko nilivyotarajia. Lakini barua sitamrudishia. Ataibandika fremu mpya na kuiuza tena ikiwa kwenye gundi ile ile.