Gari la mkononi la kukaa nalo miaka 20: lipi uchukue, lipi ulikimbie

Anza na bodi, injini baadaye. Injini ya Toyota ikichoka, utapata nyingine used Kariakoo na fundi ataifunga. Chesisi ikishaliwa na kutu, hakuna duka la kukurudishia. Ndiyo maana orodha hii sikuipanga kwa urembo wala kwa spidi. Nimejiuliza mawili tu: spea zake zitakuwepo miaka 15 ijayo? Na likizima Tunduru, fundi wa pale ataligusa bila kuhitaji kompyuta?

Ninazungumzia gari la mkononi, lililokwisha tembea hapa hapa. Kuagiza lililozeeka kuleta Tanzania kuna ushuru wa ziada wa uchakavu, na Kenya lenye zaidi ya miaka 8 haliingii kabisa.

1. Toyota Probox (na ndugu yake Succeed), injini ya 1NZ

Najua, halina sura. Utaulizwa kama umeanza kubeba mirungi, maana kule Meru, Kenya, ndilo linalokimbiza mzigo huo hadi Nairobi. Lakini gari lililoundwa liwe la kazi tangu lilipotoka mwaka 2002 lina faida moja kubwa: vitu vya kuharibika ni vichache. Injini yake ya cc 1500 ndiyo hiyo hiyo utaikuta kwenye Raum, Spacio, Fielder, Allion na IST ya cc 1500. Plagi, koili, wota pampu, hadi injini nzima, hutahangaika kuvitafuta.

Tena inatumia cheni ya taimingi (inayoratibu valvu na pistoni), si mkanda, na cheni hiyo inaishi kwa oili. Nenda kuliangalia asubuhi, na umwambie muuzaji mapema asiliwashe kabla hujafika. Gusa boneti: ikiwa ya moto, kuna kitu anakificha. Piga starti. Ukisikia mkwaruzo wa chuma upande wa cheni kwa sekunde chache kisha ukapotea, huyo alikuwa anachelewesha kumwaga oili. Ukipata la gia za mkono, usibishane sana bei.

2. Land Cruiser "mkonga", injini ya 1HZ

Kwa kudumu peke yake, hili lingekuwa la kwanza. Familia yake, Land Cruiser 70, ilianza mwaka 1984 na bado inatengenezwa. 1HZ ni dizeli ya lita 4.2, silinda sita, haina turbo (kifaa cha kusukumia hewa kwa presha), na pampu yake ya mafuta haitegemei kompyuta. Nimelishusha nafasi moja kwa sababu ya bei: hata lililochakaa linauzwa kama dhahabu, na mafuta linakunywa. Lina mkanda wa taimingi. Kama muuzaji hajui ulibadilishwa lini, hesabu kwamba haujabadilishwa. Ukikatika, valvu zinagongana na pistoni. Na lililofungwa turbo mtaani liache kwa aliyelifunga. Injini hii haikuundwa kwa presha hiyo.

Minada ya serikali na ya mashirika ndiko yanakotokea mengi. Ingia chini ukapige chesisi kwa bisibisi, hasa karibu na springi za nyuma.

3. Corolla 110

La 1995 hadi 2000, injini ya 5A. Rahisi, jepesi, kila fundi alijifunzia hapo. Shida ni umri: mipira imekauka, nyaya zimekuwa ngumu, na taa au bampa zima kulipata inakuwa kazi. Chukua lililotunzwa tu.

4. Hilux ya dizeli, injini ya 3L au 5L (ni majina, si lita)

Kama una shamba, ipandishe hadi namba 2. Uliza swali moja: imewahi kuchemsha? Silinda hedi za injini hizi hupasuka kwa joto.

5. Mark II GX 100

Raha ya kuendesha hakuna linalolifikia hapa. Silinda sita za lita 2 zinataka mafuta, na barabara za vumbi zinamaliza bushi na boljointi. La mjini, la mwenye mapenzi.

La kukimbia

Injini iliyoandikwa D-4. Inapuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda kwa presha kubwa, pampu yake ni ghali, na masizi hujaa kwenye njia za hewa. Utaikuta kwenye baadhi ya RAV4, Premio na Noah, kwa hiyo soma kifuniko cha injini kabla ya kuipenda rangi. Gia za CVT (otomatiki isiyo na hatua za gia) nazo ziogope kama hujui ziliwekwa oili gani. Fundi mmoja akiweka ya kawaida, boksi limekwenda.

Kabla ya kutoa hela

Dalali atakuambia, "Bosi, hii ilikuwa ya mama mmoja, ya kwendea kanisani tu." Msikilize, halafu uvute mkanda wa kiti hadi mwisho wake. Ukikuta alama ya tope kwenye sehemu ambayo huwa imejikunja ndani, gari liliogelea mafuriko. Angalia na lebo ya chini ya mkanda: mara nyingi ina tarehe ya kutengenezwa, na mkanda ukiwa mpya kuliko gari, shuku kwamba lilipata ajali.

Herufi ya kwanza baada ya tarakimu kwenye namba ya Tanzania (A, B, C, D na kuendelea) inakuonyesha lilisajiliwa lini nchini, si mwaka lilipoundwa. Mwaka wa kuundwa upo kwenye kadi ya gari. Yaliyokaa Tanga, Zanzibar au Mombasa yakague kutu mara mbili, na hata kutoka Japani, ya mikoa ya theluji yametembea juu ya chumvi ya barabarani.

Mwisho, angalia deni la faini za trafiki kwa namba ya gari, na jina la kwenye kadi lilingane na kitambulisho cha anayekuuzia. Lisipolingana, mwenye jina aje mwenyewe. Akishindwa kumleta, ondoka na hela yako.