Goti la kushoto na Land Rover 110: nilivyotoa gia ya klachi nikaweka otomatiki

Daktari wa mifupa alinipa maneno mawili tu: acha klachi. Miaka kumi na tisa ya kubeba wageni kati ya Arusha, Karatu na kreta ya Ngorongoro ilikuwa imelimaliza goti langu la kushoto, na aliyewahi kuendesha Defender kama hii 110 yangu anajua uzito wa pedali ile. Mwishoni nilikuwa nikifika kambini jioni nashuka kwa kushikilia mlango, nasimama kwanza mpaka mguu ukubali.

Watu wengi walinishauri niuze nichukue Prado. Sikuweza. Gari hili ndilo lililosomesha wanangu. Injini yake ya 300Tdi bado inawaka kwa mguso mmoja wa swichi asubuhi ya baridi, chesisi haina kutu, na kila nati yake naijua. Kilichonishinda ni pedali moja, basi nikaamua nitoe pedali hiyo.

Gia niliyoweka ni ZF 4HP22, otomatiki ya spidi nne, ile ile iliyofungwa kwenye Range Rover za zamani na Discovery za 300Tdi. Kwa upande wa Defender, kiwanda kiliiweka kwenye baadhi ya zile za V8, kama za Marekani za mwaka 1997 na toleo la miaka 50 la mwaka 1998. Mimi niliitaka kwa sababu haina kompyuta. Inafanya kazi kwa presha ya oili: gavana iliyo nyuma ya gia inasoma mwendo wa gari, na kebo inayotoka kwenye pampu ya dizeli inaieleza gia umekanyaga mafuta kiasi gani. Kitu kinachoweza kutengenezwa kwa spana na tochi, porini, ndicho ninachokiamini. Ila ukinunua, hakikisha Discovery inayokatwa ina pampu ya kawaida ya kebo, kwa sababu za otomatiki za miaka ya mwisho zilikuja na pampu ya umeme, na hiyo ni habari nyingine kabisa.

Nilipata Discovery iliyopinduka, mwenyewe anaiuza vipande vipande. Hapa nawasihi wenzangu: msinunue gia peke yake. Chukua toki konveta yake (chombo cha oili kinachofanya kazi ya klachi), ile sahani nyembamba inayokaa mahali pa flaiwili pamoja na ringi yake ya stata, kiungo cha kushikia transfa (gia ya pili inayogawa nguvu kwa tairi za mbele na za nyuma), liva ya kuchagulia gia na kebo yake, swichi inayozuia stata isipige gari likiwa kwenye gia, mabano ya kebo pale kwenye pampu, redieta ndogo ya kupozea oili na mabomba yake yote. Kimoja kikikosekana utaletewa cha kubuni, na cha kubuni ndicho kilichoniumiza.

Gereji ya kwanza ilinifungia kwa siku tisa. Gari likatembea. Nilizunguka mjini jioni ile mguu wa kushoto umetulia sakafuni, machozi yananilenga. Wiki ya tatu, nikiwa napanda ule ukuta wa Bonde la Ufa kutoka Mto wa Mbu, injini ikaanza kupiga kelele gari likibaki pale pale. Nikasimama pembeni, nikavuta kijiti cha oili. Ile oili nyekundu ilikuwa kahawia nzito, inanuka kama mkate ulioungua. Gia ilipofunguliwa, pleti za ndani zilikuwa nyeusi kama mkaa.

Kumbe mambo mawili. Redieta ya oili hawakuifunga; walichukua mabomba mawili wakayaunganisha kwa mpira, oili ikawa inazunguka bila kupoa. La pili, kebo ya pampu waliifunga kwa kipande cha waya, imelegea. Niliwaonyesha, wakasema otomatiki za zamani ndivyo zilivyo. Iliniuma, na bado inaniuma, kwa sababu ni uongo, na mteja asiyejua ataondoka akiamini gia ni mbovu.

Fundi wa pili ni mzee wa rika langu, gereji yake iko chini ya mti. Alinifungia gia nyingine, akawasha injini iungurume taratibu bila kukanyaga mafuta, akaniita nishike tochi.

"Kaka, inama hapa. Unaona hicho?"

Kwenye waya wa ndani wa kebo kuna kijirisasi kidogo kilichobanwa, kama punje ya mtama. Mguu ukiwa juu, kinatakiwa kikae karibu kabisa na ncha ya ala ya kebo, nafasi ya nusu milimita hivi. Alipitisha fila geji, kile kibati chembamba cha kupimia nafasi, pale, akazungusha nati robo, akapitisha tena. Kisha akanituma nikanyage mafuta mpaka mwisho, yeye akitazama kama kebo inavutika yote.

"Hapa ndipo gia yako ya kwanza ilipofia," akasema. Kebo ikilegea, gia inadhani umekanyaga kidogo wakati umekanyaga sana; presha inakuwa ndogo, pleti zinashika nusu nusu, zinateleza, zinaungua. Nusu milimita tu. Sasa naiangalia mwenyewe kila ninapobadilisha oili ya injini.

Transfa nilibaki na yangu ya LT230. Ile ya Discovery uwiano wake wa gia kubwa ni 1.222, ya Defender ni 1.411. Ya Discovery ingenipa utulivu zaidi kwenye lami, lakini nguvu zangu ni farasi 111 tu, na gari likiwa na watu saba na mizigo nataka linyanyuke. Sijutii. Propela, zile shafti zinazopeleka nguvu kwenye ekseli, tulizipima baada ya gia kukaa mahali pake, si kabla, na mabano ya kubebea gia yalichomelewa upya kwenye chesisi. Kazi ya kupanua tundu la sakafu kwa ajili ya liva ilikula siku mbili nzima.

Kuendesha sasa. Kwenye kupanda na kwenye matope, sitarudi nyuma. Ule udongo mweusi wa masika, ambao zamani ulihitaji kucheza na klachi mpaka inuke, napita kwa kugusa mafuta taratibu, tairi zinazunguka bila kushtuka. Konveta inasukuma kama mkono wa mtu. Wageni wenyewe wanalala njiani, jambo ambalo kwenye 110 sikuwahi kuliona.

Kushuka ndiko kunahitaji akili mpya. Uwiano wa gia ya kwanza kwenye ile ya klachi ulikuwa 3.69, kwenye otomatiki hii ni 2.48, na konveta haishiki moja kwa moja isipokuwa kwenye gia ya nne. Maana yake injini haikushikilii kama zamani. Mara ya kwanza kushuka kreta kwa barabara ya Seneto, nikiwa kwenye gia ndogo ya transfa, ile ya mwendo wa polepole, na liva kwenye 1, gari lilikuwa linakimbia kuliko nilivyozoea, na ilibidi nitumie breki. Sasa naingia kileleni taratibu kabisa, nagusa breki mapema na kuachia, nagusa na kuachia, nisizichemshe. Dereva akiletewa gari la namna hii amwombe mwenye nalo amweleze hili kabla hajaanza kushuka na watu.

Mengine ya kujua: halisukumwi likawaka, kwa hiyo betri yangu ni nzima daima. Usipandishe resi likiwa kwenye P au N. Fundi wangu alinikataza kwa ukali, gia hizi zinaumia hivyo. Mafuta yamepanda kidogo: lita moja ilikuwa ikinipeleka kilomita tisa, sasa ni nane. Gharama yote, pamoja na gia iliyoungua, ilifika milioni nane na nusu za shilingi. Kama ningeanza na yule mzee ingekuwa milioni tano na kitu.

Nimeshatembea kilomita 14,000. Oili ya gia nimeibadilisha mara mbili, na chujio lake ndani ya kapu mara moja. Ukimwaga, sehemu kubwa hubaki kwenye konveta, ndiyo maana nabadilisha mapema. Juzi nilivuta kijiti injini ikiwaka, gari likiwa tambarare, nikaipangusa kwenye kitambaa cheupe. Nyekundu, safi, haina harufu. Kesho saa kumi na moja alfajiri napeleka wageni wanne Karatu.