Fila za mashua ya plaiwudi: nilizozikwangua na nilizobaki nazo

Mashua yangu ina urefu wa futi 14. Ni ya plaiwudi ya milimita 6, nimeiunda mwenyewe nyuma ya nyumba hapa Tanga, na naitumia kuvua humu ghubani na kuwavusha wanangu hadi Kisiwa cha Toten siku za Jumapili. Haikuundwa kama mashua za mafundi wa Sahare, zenye mkuku na taruma na mbao za kupigiliwa. Hii mbao zake zilishonwa kwanza kwa waya wa shaba, pembe zikajazwa gundi ya epoksi, juu yake nikalaza ukanda wa faiba, yaani kitambaa cha nyuzi za kioo, kisha waya zikang'olewa. Ukiunda hivyo unabakiwa na matundu ya waya safu nzima, mishono ya plaiwudi, na kingo za faiba zinazosimama juu ya ubao kama mshono wa shati. Vyote hivyo lazima vijazwe na kunyooshwa kabla ya rangi. Hapo kwenye kujaza ndipo nilipopoteza msimu mzima, na ndiyo sababu ya kuandika haya. Dukani ukiuliza fila, yaani kitu cha kujazia matundu na mabonde, utaonyeshwa ya gari au puti ya ukuta, basi.

Nianze na hiyo ya gari, maana ndiyo niliyoianza nayo. Ni ile ya kopo, inayokuja na kibomba cha hadina nyekundu, yaani dawa ya kuigandisha, wanayotumia mafundi wa kunyoosha bodi gereji. Ndani yake ni poliesta iliyochanganywa na unga wa talki. Kwa mkono ni tamu kuifanyia kazi: inashika ndani ya robo saa, msasa unaipitia kama chaki, na kwa bei ya kilo moja ya epoksi unapata makopo kadhaa. Nilijaza nayo matundu yote ya waya, nikailaza pia kwenye kingo za faiba pande zote mbili chini. Baada ya rangi usingeona mshono hata mmoja. Tukaiteremsha majini Februari, kaskazi ikiwa bado ina nguvu.

Agosti niliipandisha pwani kuisugua. Chini ya mstari wa maji palikuwa pameota malengelenge ya ukubwa wa kidole gumba, yamefuatana kama shanga. Nilipochokoa moja kwa ncha ya patasi, fila ilibanduka kipande kizima, na nyuma yake plaiwudi ilikuwa imelowa na kuwa nyeusi. Nilikaa chini mchangani muda mrefu siku ile.

Sababu ni mbili. Ya kwanza ni fila yenyewe: poliesta haiushiki ubao kama epoksi inavyoushika, na fila yenye talki nyingi hunyonya maji polepole ikikaa humo siku zote. Ya pili ni kosa langu. Nilikuwa nimeipaka juu ya epoksi ambayo sikuiosha. Epoksi ikikaukia kwenye hewa yenye unyevu, na hapa pwani hewa ni hiyo hiyo mwaka mzima, hutoa utando mwembamba wa utelezi juu yake, kama mafuta. Poliesta ikikutana na utando huo haikauki sawasawa pale zinapogusana. Dawa yake ni maji matupu na dodoki gumu la kusugulia vyombo, halafu msasa. Ukipiga msasa kabla ya kuosha unaukandamiza utando ndani.

Mtengenezaji wa kopo lile simlaumu, hakuandika popote kwamba ni la chombo cha majini. Hukumu yangu: juu ya mstari wa maji, kwenye mikwaruzo midogo, ubao ukiwa mkavu na umeshapigwa msasa, itafaa. Chini ya maji usiiguse.

Puti ya ukutani nimeiona ikitumiwa kwenye boti ya jirani na sitaki kurefusha. Ile yenye jasi inalainika kwa maji. Na vumbi la mbao lililokandwa kwa gundi nyeupe ya seremala, ambalo kwenye kabati na milango sina ugomvi nalo, nalo halivumilii kuloweka.

Sasa epoksi. Ukishaamua kutumia epoksi, elewa kwamba hununui fila tena. Unanunua gundi, na fila unaitengeneza wewe kwa unga unaoutia. Gundi ni ileile. Unga ndio unaoamua kama utapata kitu cha kushikanisha mbao mbili zisiachane, au kitu laini cha kusawazisha sura ya nje. Mimi nilidhani epoksi ni epoksi, unga wowote sawa.

Gundi yangu niliinunua Kariakoo, ya kuchanganya mbili kwa moja. Angalizo: madukani siku hizi imejaa ile ya kumwagia meza za mapambo. Ni nyepesi kama maji na inachukua muda mrefu kuganda. Uliza ya kugandisha mbao na kulaza faiba, na usitoke dukani bila kujua kipimo chake cha kuchanganya. Kipimo hicho kifuate kwa kikombe chenye alama, wala usizidishe hadina ukidhani itakauka haraka. Epoksi haiendi hivyo. Ile iliyozidi inabaki ndani na kazi inakuwa laini daima. Changanya gundi na hadina kwanza mpaka zimeshikana kabisa, ukikwangua kuta za chombo, ndipo utie unga. Na fanya kazi alfajiri. Joto likipanda nyuzi 10 muda wa kufanyia kazi hupungua karibu nusu. Ukiacha mchanganyiko umejaa kikombeni unajipasha wenyewe hadi kutoa moshi, kwa hiyo mimi humimina kwenye sinia pana.

Unga wa kwanza niliojaribu ni silika, ule mweupe mwepesi unaoruka hata ukipumua. Sifa yake kubwa ni kuizuia gundi isiteremke: unapaka ubavuni na inakaa pale pale ulipoiweka. Inatoa pia kitu kigumu sana. Kwa kuunganishia, kwa kujaza nyuma ya skrubu, kwa mahali patakapobeba mzigo, silika ninaipa alama zote. Tatizo ni kwamba mara ya pili, nikiwa na hasira na fila ya gari, niliitumia peke yake kusawazisha nje. Nilisema moyoni, safari hii naweka kitu kisichotoka.

Kweli hakikutoka. Nilipiga msasa siku tatu. Ubao wa pembeni ukawa unakwisha na fila imebaki imesimama. Nikizidi kusugua, ndivyo vilima vilivyozidi kuonekana. Kuna mzee fundi wa majahazi, ambaye nilimwomba aje kutazama. Nilimwamkia, akaitikia, hakusema neno. Alifumba macho, akapitisha kiganja kutoka omo hadi tezi, yaani mbele hadi nyuma, taratibu, akasimama mahali saba au nane. Akafumbua macho.

"Mwanangu, umepanda kokoto kwenye ubao. Randa ikikuta msumari hukata nini, msumari au mti?"

Basi hilo ndilo ninalotaka kila anayeunda boti ya plaiwudi alishike: fila ya kusawazisha nje isiwe ngumu kuliko ubao unaoizunguka. Ikiwa ngumu zaidi, msasa utakula ubao, na kadiri unavyofanya kazi kwa bidii ndivyo unavyoharibu. Plaiwudi ina ganda jembamba la juu. Mimi nililitoboa sehemu mbili nikaingia ganda la pili, ikabidi niweke kiraka cha faiba.

Unga wa pili ulikuwa wa bure: vumbi la mbao kutoka kwenye mfuko wa mashine ya msasa. Nasema vumbi la msasa, laini kama unga wa sembe, si lile la msumeno, ambalo ni chenga na linaacha vijitundu. Huu ndio nimeujazia pembe zote za ndani, pale mbao mbili zinapokutana, nikiongeza silika kidogo isiteremke. Nilikanda hadi ikawa nzito kama siagi ya karanga, nikaijaza pembeni, kisha nikapitisha mgongo wa kijiko cha kupakulia mara moja tu, bila kurudia, pembe ikatoka na mviringo mzuri. Faiba inalala juu yake bila kuacha hewa. Rangi yake ni ya kahawia, hivyo ukitaka kupaka vanishi ndani haichukizi macho. Kwa kusawazisha nje bado ni ngumu mno, lakini kwa kazi ya ndani sitafuti kitu kingine.

Unga wa tatu nilipaswa kuuanza nao. Mafundi wa faiba wanauita maikrobaluni: vipovu vidogo vilivyo wazi ndani, ukivitazama ni kama unga wa kawaida. Vipo vya kioo, vyeupe, na vipo vya rangi ya udongo mwekundu vilivyotengenezwa kwa resini ya fenoliki. Hapa Tanga sikuvipata. Shemeji yangu aliye Maskati, ambako boti za faiba ni nyingi, aliniletea mfuko wa vile vyeupe alipokuja Idi. Mfuko mkubwa kama mto wa kulalia, na ukiunyanyua unadhani ni mtupu.

Nilitia vikombe viwili hivi vya unga kwa kikombe kimoja cha gundi iliyokwisha kuchanganywa, na silika kijiko kimoja isiteremke. Nikaipaka kwa kipande kipana cha plastiki nilichokata kwenye ndoo, mkono mwembamba mwembamba, mabonde yote. Asubuhi yake nikaosha, nikaanza msasa namba 80. Tofauti niliisikia mikononi kabla ya kuiona. Fila na ubao vilikuwa vinakwisha pamoja, kwa sauti ileile. Siku tatu za silika ziligeuka kuwa asubuhi moja.

Msasa usiushike kwa vidole wala kwa kigogo kifupi. Nilichukua ukanda wa plaiwudi wa urefu wa mkono, unaopinda kidogo, nikagundisha msasa chini na kuweka vishikio viwili juu, nikawa napitisha mshazari, kulia kwenda chini, kisha kushoto kwenda chini. Kigogo kifupi kinafuata bonde. Ukanda mrefu unaruka bonde na kukata kilima. Kabla ya kila mzunguko nilipaka vumbi la mkaa kwa kitambaa: panapobaki peusi ni bondeni, ongeza fila. Usiku nililaza tochi ubavuni mwa mashua mwanga ukienda sambamba na ubao, na kila kasoro ikatoa kivuli chake.

Kasoro za maikrobaluni zipo na nazisema. Hazina nguvu, kwa hiyo usiunganishie kitu wala usijazie tundu la skrubu linalobeba mzigo. Ukishapiga msasa, vipovu vya juu vimekatika na kubaki wazi, vitanywa maji. Lazima upake epoksi tupu mikono miwili kabla ya rangi, hasa chini ya mstari wa maji. Na jua letu: rangi za giza zinapasha ubao sana, na baadhi ya unga huu hauvumilii joto. West System, watengenezaji wa epoksi ambao huuza unga wao kwa namba, wanaonya kwamba namba 410 isiwekwe chini ya rangi za giza. Mimi nimepaka nyeupe. Halafu barakoa, tafadhali, kwa unga wa aina zote hizi, na glovu kwa epoksi. Kuna watu ngozi zao zinaikataa hadina baada ya miezi ya kuizoea, na wakishafika hapo hawaigusi tena.

Nimeulizwa na vijana wawili kama maikrobaluni yatafaa kwenye mashua ya mbao za kupigiliwa, kati ya ubao na ubao. Hapana. Mbao zile zinavimba zikilowa na kusinyaa zikikauka, na fila ngumu ya epoksi katikati itapasuka au itasukuma mbao. Pale ni kalafati, pamba na mafuta, kama wanavyofanya Sahare, na deheni yao ya shahamu na chokaa chini dhidi ya wadudu wanaobungua mbao. Fila yangu ni ya chombo ambacho mbao zake zimegandishwa zikawa kitu kimoja. Na silikoni ya bomba, ile ya madirishani, usiitie popote utakapopaka rangi. Rangi haishiki hapo tena hata ukwangue.

Jambo jingine la dukani: ile plaiwudi nyeusi ya kumwagia zege, inayoitwa marini bodi, si ya kuundia boti kwa sababu ya jina lake tu. Ngozi yake nyeusi haipokei gundi wala fila usipoiondoa yote.

Tangu niiteremshe upya imepita masika moja na kusi nzima. Chini hakuna lengelenge. Bonde moja bado lipo ubavu wa kulia karibu na tezi, naliona jua la saa kumi na moja likiulalia ubao. Mfuko wa shemeji umebaki robo. Nitaipandisha bamvua la mwezi ujao, maji yakijaa sana, ikae juu mpaka bamvua linalofuata. Siku 14 zinatosha kukauka, kujaza, kupiga msasa na kufunika mikono miwili ya epoksi.